Kusoma Santuri: Utambuzi na Tathmini ya Santuri Kongwe za Muziki wa Roki

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa vyote ving'aavyo si dhahabu. Lau wangeishi katika zama za santuri, huenda wangeongeza kuwa vyote vilivyochakaa si takataka. Mwaka wa 2002, katika uuzaji wa vitu kuukuu kando ya barabara jijini New York, mnunuzi mmoja alilipa senti 75 za Marekani kwa sahani isiyokuwa na jalada la maana, yenye maandishi ya mkono tu kwenye lebo yake. Baadaye ilibainika kuwa ilikuwa sahani ya majaribio ya kundi la The Velvet Underground, iliyochongwa mwezi wa Aprili 1966, karibu mwaka mzima kabla ya albamu ya kwanza ya kundi hilo kutolewa. Mnamo Desemba 2006 sahani hiyo iliuzwa mnadani kwa dola 25,200. Baina ya senti 75 na dola 25,200 hapana kilichoongezwa kwenye sahani yenyewe. Kilichoongezeka ni maarifa ya walioisoma.

Makala haya yanafafanua jinsi santuri kongwe za muziki wa roki, hususan za Uingereza na Marekani, zinavyotambuliwa na kukadiriwa thamani. Hoja yake kuu ni kuwa santuri ni matini, na husomwa kama matini nyingine yoyote. Mtafiti wa tenzi za kale hatosheki na jina la utenzi. Huuliza ni nakala ipi, ilinakiliwa lini, na imepungukiwa na nini. Vivyo hivyo, mkusanyaji wa santuri hatosheki na jina la mwanamuziki. Umri na umaarufu havitoshi kuipa santuri thamani. Mambo matatu ndiyo huamua: ni chapa ipi, ni adimu kiasi gani, na iko katika hali gani.

Santuri na Asili Yake

Neno santuri katika Kiswahili hutumika kwa maana ya sahani inayohifadhi sauti, na mara nyingine kwa maana ya mashine inayoicheza. Katika makala haya linatumika kwa maana ya kwanza. Wanafunzi wa fasihi wanakumbuka kuwa Siti binti Saad, ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake, alisafiri hadi Bombay mwaka wa 1928 kurekodi nyimbo zake chini ya lebo ya His Master's Voice. Lebo hiyo ilimilikiwa na kampuni ya Gramophone ya Uingereza, ambayo mwaka wa 1931 iliungana na nyingine kuunda EMI. Kampuni hiyo itarejelewa tena hapa chini, kwani ndiyo iliyokuja kupiga chapa santuri za The Beatles.

Santuri za enzi ya Siti zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu utokanao na wadudu. Zilizunguka takriban mara 78 kwa dakika na zilivunjika upesi kama vigae. Mwaka wa 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilizindua santuri kubwa ya vinili yenye mizunguko 33⅓ kwa dakika, na mwaka uliofuata RCA Victor ikaleta santuri ndogo ya mizunguko 45. Roki ilizaliwa katika miaka ya 1950, wakati vinili ilipokuwa ikichukua nafasi ya shelaki. Ndiyo sababu historia ya roki, kwa kiasi kikubwa, imeandikwa juu ya vinili.

Chapa ya Kwanza ni Nini?

Ili kuelewa kwa nini wakusanyaji huitafuta chapa ya kwanza, ni sharti kuelewa jinsi santuri inavyoundwa. Kanda ya studio hupelekwa kwa fundi ambaye huchonga mifuo, yaani vijifereji vyembamba vya sauti, katika sahani ya alumini iliyopakwa utando laini. Sahani hiyo hupakwa madini na kuzaa nakala iliyo kinyume. Nakala hiyo nayo huzaa sahani mama, na sahani mama huzaa mabamba ya kupigia chapa. Bamba likichakaa hutupwa, jingine likachukua nafasi yake. Sahani mama zikiisha nguvu, au kampuni ikitaka kubadilisha sauti, kazi ya kuchonga huanza upya, pengine kutokana na kanda iliyo nakala ya nakala.

Kwa hivyo nakala mbili za albamu moja zinaweza kuwa na jina moja na picha moja, ilhali zimetenganishwa na vizazi kadhaa vya uzalishaji. Chapa ya kwanza ni ile iliyotokana na mchongo wa mwanzo, ikatolewa katika nchi ya asili ya mwanamuziki wakati albamu ilipotoka. Aghalabu ndiyo iliyo karibu zaidi na kile wanamuziki na mafundi wao walichokusudia kisikike. Ushahidi wa kuitambua hupatikana mahali patatu: kwenye lebo, kwenye ukanda mtupu ulio baina ya mfuo wa mwisho na lebo, na kwenye jalada.

Ushahidi wa Lebo

Lebo ni karatasi ya mviringo iliyo katikati ya santuri. Kampuni zilibadilisha rangi, nembo na maandishi ya lebo zao mara kwa mara, na mabadiliko hayo humsaidia msomaji kukadiria tarehe. Mfano mashuhuri ni albamu ya kwanza ya The Beatles, Please Please Me, iliyotolewa nchini Uingereza tarehe 22 Machi 1963 na Parlophone, mojawapo ya lebo za EMI. Nakala za mwanzo kabisa zilikuwa na lebo nyeusi yenye maandishi ya rangi ya dhahabu. Muda mfupi baadaye kampuni ilibadilisha muundo, jina la Parlophone likaandikwa kwa rangi ya manjano. Isitoshe, nakala za awali zaidi zinamtaja Dick James kuwa mchapishaji wa nyimbo za Lennon na McCartney, ilhali zilizofuata zinataja kampuni ya Northern Songs. Tofauti hiyo ya maneno machache huweza kuzidisha bei mara nyingi.

Nchini Marekani, anwani ya kampuni hufanya kazi kama hiyo. Lebo za Atlantic zenye anwani ya 1841 Broadway zilitumika hadi katikati ya miaka ya 1970, kisha ikaja anwani ya 75 Rockefeller Plaza. Albamu ya mwaka wa 1969 iliyo na anwani ya pili haiwezi kuwa chapa ya kwanza.

Hata hivyo, msomaji anapaswa kutahadhari na mwaka ulioandikwa kwenye lebo. Mwaka huo aghalabu ni wa kurekodiwa au kutolewa kwa muziki mara ya kwanza, wala si wa kupigwa chapa kwa nakala iliyo mkononi. Nakala iliyopigwa chapa mwaka wa 1985 inaweza kubeba mwaka wa 1967 bila hila yoyote. Dalili nyepesi ya kumzindua msomaji ni msimbo wa mistari unaosomwa na mashine za madukani. Misimbo hiyo ilianza kuenea kwenye majalada ya santuri mwishoni mwa miaka ya 1970. Jalada la albamu ya mwaka wa 1967 lenye msimbo huo ni la toleo la baadaye.

Ushahidi wa Ukanda Mtupu

Lebo inaweza kubandikwa kimakosa, na jalada linaweza kubadilishwa na mwenye duka. Ukanda mtupu wa santuri, kinyume chake, umechongwa ndani ya vinili yenyewe. Hapo ndipo penye nambari ya matriksi, yaani nambari ya mchongo uliozaa upande huo wa santuri. Upande wa kwanza wa Please Please Me katika chapa ya mono, kwa mfano, una XEX 421-1N, ambapo tarakimu 1 inayofuata kistari huonyesha mchongo wa kwanza.

EMI iliongeza siri nyingine. Nambari ya matriksi ikiwekwa chini ya lebo, upande wa kushoto huonekana tarakimu ya sahani mama, na upande wa kulia huonekana herufi za bamba. Herufi hizo ni tarakimu zilizofichwa. Ufunguo wake umetokana na jina la kampuni ya Gramophone: G ni 1, R ni 2, A ni 3, M ni 4, O ni 5, P ni 6, H ni 7, L ni 8, T ni 9 na D ni 0. Santuri yenye tarakimu 1 kushoto na herufi GR kulia ilitokana na sahani mama ya kwanza na bamba la kumi na mbili. Wanaofahamu hesabu ya abjadi, ambayo kila herufi ya Kiarabu huwa na thamani ya tarakimu, hawataona ugeni wowote katika mbinu hii.

Mafundi nao waliacha alama zao. Albamu ya Led Zeppelin II, iliyotolewa mwaka wa 1969, ilichongwa mara ya kwanza nchini Marekani na Robert Ludwig, naye akatia herufi RL kwenye ukanda mtupu. Mchongo huo ulikuwa na sauti nzito na yenye nguvu mno, hata mashine duni zikashindwa kuucheza bila sindano kuruka. Kampuni iliagiza mchongo mwingine uliopozwa. Leo nakala zenye herufi RL pande zote mbili hutafutwa kwa udi na uvumba, ilhali nyingine za mwaka uo huo, zenye lebo ile ile, huuzwa kwa sehemu ndogo ya bei hiyo.

Mfano wa kushangaza zaidi ni albamu ya Bob Dylan, The Freewheelin' Bob Dylan, ya mwaka wa 1963. Nyimbo nne ziliondolewa dakika za mwisho na nyingine zikawekwa mahali pake. Baadhi ya nakala za mono zilipigwa chapa kwa mabamba ya zamani, ingawa lebo na jalada lake vinataja nyimbo mpya. Anayesoma lebo pekee hawezi kuzitambua. Ni lazima asome nambari ya matriksi, kisha aisikilize santuri yenyewe.

Ushahidi wa Jalada

Jalada huwa na ushahidi wake, na mara nyingine hubeba kisa kizima. Mwezi wa Juni 1966 kampuni ya Capitol ya Marekani iliandaa albamu ya The Beatles iitwayo Yesterday and Today. Picha ya jalada, iliyopigwa na Robert Whitaker, iliwaonyesha wanamuziki wakiwa wamevalia makoti meupe ya wauza nyama, wamezungukwa na vipande vya nyama na wanasesere waliokatwakatwa. Malalamiko yalizuka mara tu nakala za mapema zilipowafikia wauzaji na watangazaji. Kampuni ilizirudisha, na badala ya kuyatupa majalada yote, ikabandika juu ya mengi picha nyingine iliyowaonyesha wanamuziki hao kando ya sanduku kubwa la safari.

Wakusanyaji huyagawa majalada hayo katika hali tatu. Ya kwanza ni yale ambayo hayakubandikwa kamwe. Ya pili ni yale yaliyobandikwa na kuachwa hivyo. Ya tatu ni yale yaliyobanduliwa. Hali ya pili hutambuliwa kwa jicho kali: katika sehemu nyeupe upande wa kulia, huonekana kwa mbali kivuli cheusi chenye umbo la V, ambacho ni fulana ya Ringo Starr iliyo kwenye picha ya chini. Mwenye jalada kama hilo hushawishika kulibandua, na hapo ndipo hasara inapompata. Ubanduaji usio wa kitaalamu hurarua karatasi, na majalada ya hali ya pili yaliyo salama huzidi kupungua mwaka hadi mwaka.

Mifano mingine ni mingi. Nakala za mwanzo za albamu ya kwanza ya Led Zeppelin nchini Uingereza, mwaka wa 1969, zilikuwa na maandishi ya rangi ya feruzi kwenye jalada, kabla ya rangi ya machungwa kuchukua nafasi yake. Albamu ya The Velvet Underground & Nico ya mwaka wa 1967 ilikuwa na ndizi ya kubandua upande wa mbele. Upande wa nyuma, picha ya mwigizaji Eric Emerson ilitumiwa bila idhini yake. Alipodai haki, kampuni iliifunika kwa kibandiko, kisha ikaifuta kabisa katika majalada yaliyofuata. Mfuatano huo, yaani picha, kibandiko na ufutaji, ni kalenda tosha kwa anayejua kuusoma.

Uadimu

Uadimu si sawa na ukongwe. Wimbo wa Bohemian Rhapsody wa kundi la Queen, ambalo mwimbaji wake Freddie Mercury alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, mwaka wa 1946, ulitolewa kwa santuri ndogo mwaka wa 1975. Uliuzwa zaidi ya nakala milioni moja nchini Uingereza. Ndiposa nakala ya kawaida nyeusi, japo ni kongwe, haina bei kubwa. Mwaka wa 1978, hata hivyo, EMI ilitoa nakala 200 tu za wimbo huo kwa vinili ya rangi ya buluu, zilizotiwa nambari kwa mkono, kuadhimisha tuzo iliyopata kampuni hiyo kwa mauzo ya nje. Muziki ni ule ule, lakini nakala hizo ni miongoni mwa santuri zinazotamaniwa zaidi na wapenzi wa kundi hilo.

Uadimu mwingine huzaliwa na ugomvi. Mwezi wa Machi 1977 kampuni ya A&M ilitia saini mkataba na kundi la Sex Pistols, ikauvunja baada ya takriban wiki moja, na kuziharibu nakala za God Save the Queen zilizokwisha kupigwa chapa. Chache zilizonusurika huuzwa kwa maelfu ya pauni. Wimbo huo ulitolewa upya na Virgin mwezi wa Mei mwaka huo, na nakala za Virgin ni za kawaida.

Mono na stereo pia huhitaji kupimwa kwa kuzingatia wakati. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumba chache zilikuwa na mashine za stereo, hivyo santuri za stereo za kipindi hicho ni chache. Kufikia mwaka wa 1968 mambo yalikuwa yamegeuka, na mono ndiyo iliyokuwa ikififia. Kanuni ni moja: kilichonunuliwa na wachache wakati wake ndicho kinachotafutwa na wengi baadaye, mradi muziki wenyewe una wapenzi.

Hali na Bei

Chapa adimu iliyoharibika hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Wauzaji hutumia mizani ya madaraja, maarufu zaidi ikiwa ile ya jarida la Goldmine la Marekani. Daraja la juu kabisa, M, ni la santuri kamilifu isiyowahi kuguswa na sindano. NM ni iliyo karibu na ukamilifu. VG+ ina alama ndogo zisizoathiri usikilizaji. VG ina mikwaruzo inayosikika bila kuufunika muziki. G, licha ya kuwa kifupi cha neno la sifa, ni santuri iliyochoka, na P ni iliyoharibika. Kwa kawaida VG+ hukadiriwa kuwa nusu ya bei ya NM, na VG robo yake.

Ukaguzi hufanywa chini ya taa kali, santuri ikiinamishwa ili mwanga uangukie mifuo kwa mshazari. Mkwaruzo unaohisiwa kwa ukucha kwa kawaida utasikika. Santuri hutazamwa pia kwa usawa wa macho ili kubaini kama imepinda kwa joto. Jalada hukaguliwa kando, kwa kuwa hupewa daraja lake. Viambatisho navyo huhesabiwa: albamu ya The Beatles ya mwaka wa 1968, ijulikanayo kwa jalada lake jeupe, ilitoka na bango na picha nne za wanamuziki, na nakala iliyovikosa hupungukiwa.

Kuhusu bei, msomaji atofautishe bei inayoombwa na bei iliyolipwa. Ya kwanza ni matumaini ya muuzaji. Ya pili ndiyo ushahidi. Hifadhidata ya Discogs, iliyoanzishwa mwaka wa 2000, huonyesha bei za mauzo yaliyokwisha kufanyika. Mauzo ya ajabu yasifanywe kipimo. Desemba 2015 nakala nambari 0000001 ya albamu hiyo nyeupe, iliyokuwa ya Ringo Starr mwenyewe, iliuzwa mnadani kwa dola 790,000. Bei hiyo ilikuwa ya nambari na ya mwenyewe. Haiwahusu wenye nambari za mamilioni.

Penye bei kubwa hapakosi waghushi. Jalada la bandia mara nyingi ni picha ya jalada halisi, hivyo herufi ndogo huwa na ukungu na rangi hukosa uhai. Nambari ya matriksi hukosekana, au huandikwa kwa mkono mahali ambapo kiwanda kilitumia mashine. Mnunuzi mwenye busara huilinganisha santuri na nakala iliyothibitishwa kabla ya kutoa fedha.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa thamani ya santuri kongwe hutokana na ushahidi, wala si uvumi. Lebo hutoa dokezo, jalada husimulia, na ukanda mtupu huthibitisha. Uadimu na hali vikishapimwa, bei hufuata. Lililo muhimu zaidi ni kuwa ushahidi huo ukishaharibiwa haurejeshwi. Anayetupa bahasha ya ndani, anayebandua karatasi kwa pupa au anayeandika jina lake juu ya lebo hufuta aya katika matini ambayo bado haijasomwa.

Funzo hilo halikomei Uingereza na Marekani. Katika Soko la Kenyatta jijini Nairobi, santuri kuukuu zimekuwa zikiuzwa kwa miaka mingi, na miongoni mwazo zimo benga, taarab na rumba zilizopigwa chapa papa hapa Afrika Mashariki. Kwenye lebo zake yamo majina ya watunzi, bendi na kampuni ambayo pengine hayajaandikwa mahali pengine popote. Anayejua kusoma santuri ataweza kuyanakili majina hayo kabla ya boksi kubebwa kwenda ng'ambo au kutupwa jalalani. Asiyejua ataipokea senti yake 75, na atashukuru.